Shajara ya Uhakiki wa Rimiksi ya Wimbo wa Majini

Tanga, 4 Juni

Leo asubuhi mpwa wangu amenipitia karakanani Ngamiani, ameniamkia, kisha ameniachia flashi yenye faili moja tu. Ndani yake mna rimiksi ya jazi-fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki na vyombo vya umeme, ya wimbo wa majini, ule wa ngazi za ndani ya maji, wa gemu ya Super Mario Bros., wimbo uliotungwa na Koji Kondo wa kampuni ya gemu ya Nintendo mwaka 1985, ambao yeye na wenzake wanne wameurekodi Chumbageni kwa muda wa miezi miwili. Ombi lake lilikuwa moja: "Mjomba, sitaki uniambie kama ni nzuri. Niandikie palipo na kasoro, na kwa nini ni kasoro." Nimekubali. Kwa kuwa ombi la namna hiyo halijibiwi kwa maneno ya barazani, nimeamua kuweka shajara ya kazi yenyewe, ili kila nitakachokiandika katika uhakiki kiwe kimetokana na nilichokisikia na kukipima, si na hisia za siku moja.

Vipimo vya awali ni hivi. Kazi ina urefu wa dakika 5 na sekunde 12. Wapigaji ni watano: kinanda, gitaa la umeme, besi, dramu na saksafoni. Kinanda kimetumia zaidi sauti ya Rhodes, yaani kile kinanda cha umeme chenye mlio wa kengele laini ambacho wapigaji wa fyusheni wamekipenda tangu miaka ya 1970. Hakuna mwimbaji.

Nimesikiliza mara tatu mfululizo bila kuandika neno. Vijana hawa wanajua vyombo vyao, na hilo nitaliandika mwanzo kabisa wa uhakiki kwa sababu ni kweli. Mpiga dramu ana mkono mwepesi, mpiga besi hakosi hata mara moja, na mpwa wangu ana masikio ya kutafuta kodi, yaani nota kadhaa zinazolia kwa pamoja, ambazo mimi, niliyewahi kupiga gitaa la ridhim kwa miaka kadhaa, nisingezifikiria. Hata hivyo, baada ya kusikiliza mara ya tatu nilizima spika nikajaribu kuupiga wimbo kwa mluzi, na mluzi haukuja. Wimbo huu ninao kichwani tangu nikiwa na umri wa miaka 12. Kuusikiliza mara tatu kisha kushindwa kuupiga mluzi ni jambo linalohitaji maelezo, na nadhani maelezo hayo ndiyo yatakayokuwa moyo wa kazi yangu.

6 Juni

Siku nzima nimekaa na wimbo asilia. Nimeitoa kabatini mashine yangu ya zamani ya gemu, moja ya zile nakala za Famicom zilizojaa madukani mwetu televisheni ilipoanza kuingia majumbani kwa wingi miaka ya 1990, nikasafisha meno ya kaseti kwa spiriti, nikabadilisha waya mmoja wa umeme uliokuwa umeliwa na kutu, na ikawaka.

Ninaandika kwa kirefu kidogo hapa kwa sababu bila kuelewa jinsi sauti hii inavyozaliwa, uhakiki wa rimiksi yake hautakuwa na mizani. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ina chipu ambayo ndani yake mna njia tano za sauti. Mbili hutoa wimbi la mraba, moja hutoa wimbi la pembetatu, moja hutoa mvumo wa kelele unaotumika badala ya ngoma, na ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Katika gemu hii Kondo hakuitumia ile ya tano, kwa hiyo alibakiwa na sauti tatu zenye nota na moja ya mvumo. Njia ya pembetatu, ambayo ndiyo besi, haina hata kidhibiti cha ukubwa wa sauti, maana yake ama inalia au imenyamaza. Zaidi ya hapo, Mario, mhusika mkuu wa gemu, aliporuka, sauti ya kuruka iliinyang'anya njia moja ya mraba kwa muda, na muziki ulipaswa kuendelea kueleweka ukiwa umepungukiwa na kiungo.

Gemu nzima, pamoja na picha zake, kanuni zake na nyimbo zake zote, inaingia katika kilobaiti 40. Faili la mpwa wangu ni megabaiti 55. Simlaumu kwa hilo, kwani sauti halisi ya saksafoni haiwezi kuingizwa katika nafasi ya namna hiyo; ninachokisema ni kwamba mtunzi aliyebanwa kiasi hicho halazimiki tu kuwa na nota chache, bali hulazimika kuwa na nota ambazo kila moja inabeba mzigo. Ukiondoa nota moja katika wimbo wa majini, utasikia pengo. Katika rimiksi, nimejaribu kufikiria kuondoa kinanda chote kati ya dakika ya pili na ya tatu, na sidhani kama msikilizaji angejua.

Nilipokuwa nikisikiliza njia moja moja, lilinijia jambo ambalo sikulitarajia, nami naliandika kabla halijanipotea. Mraba wa kwanza, mraba wa pili, pembetatu na mvumo: hii ni bendi. Ni gitaa la solo, gitaa la ridhim, besi na ngoma. Mtu aliyekulia Tanga, mji uliokuwa makao ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hahitaji kufundishwa jinsi magitaa machache yanavyoweza kusokota wimbo mzima kwa kupishana, kila gitaa likijua lini linene na lini limpishe mwenzake. Kondo alifikishwa hapo na chipu, wazee wetu walifikishwa na uhaba wa vyombo na vipaza sauti, lakini kazi iliyotoka inafanana kwa undani kuliko inavyofanana na fyusheni ya wapigaji watano wanaolia wote kwa pamoja.

9 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi hadi magharibi. Nimefanya kazi ya karatasi tu, nimenakili melodi kwa kumbukumbu na kuiwekea hesabu yake ya tatu tatu, kwani wimbo huu ni walzi.

11 Juni

Nimekaa na saa ya kupimia, nikaandika kila sekunde ambayo melodi ya Kondo, au sehemu yake inayotambulika, inasikika ndani ya rimiksi. Nimehesabu pia sehemu ambazo ni besi pekee iliyobaki ya asilia, ili nisionekane mkali kupita kiasi. Jumla ni sekunde 88 kati ya 312, ambayo ni kama asilimia 28. Tena 51 kati ya hizo zimo katika dakika ya kwanza. Baada ya hapo wimbo unachungulia mara mbili, unapotea, kisha unarudi kwa haraka mwishoni kama mgeni aliyesahau kofia.

Kipimo hiki hakitoshi peke yake, nami nitakitaja katika uhakiki kwa tahadhari. Rimiksi inaweza kuwa na asilimia 90 ya melodi na bado ikawa nakala isiyo na uhai, na inaweza kuwa na asilimia 20 huku kila kilichobaki kikiwa kimetokana na wimbo ule ule kwa njia ya ndani. Swali la haki ni hili: je, zile sekunde 224 nyingine zinajua kwamba zimo ndani ya wimbo wa majini? Nimezisikiliza tena kwa swali hilo. Solo ya gitaa, kuanzia dakika 1 na sekunde 40, ni solo nzuri ambayo ingeweza kubandikwa kwenye wimbo mwingine wowote wenye mwendo huo. Solo ya saksafoni inapanda na kushuka kwa kasi ngazi za skeli, yaani mfuatano wa nota za ufunguo, na haigusi hata mara moja umbo la melodi.

Ni lazima nieleze wazi kwamba silalamikii fyusheni yenyewe, kwa sababu najua wapo watakaosoma malalamiko yangu kama ya mtu anayetaka gemu ibaki gemu. Kinyume chake ndicho ninachokiamini. Fyusheni na muziki wa gemu ni ndugu wa nyumba moja. Baada ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, kutoa albamu ya Bitches Brew mwaka 1970 na wapigaji waliopita mikononi mwake kuanzisha bendi zao, mtindo huo ulishika sana Japani, ukazaa bendi kama Casiopea na T-Square, ambazo muziki wao msafi, wa haraka na wenye melodi za kukumbukika ulisikika kila mahali wakati watunzi wa gemu wa miaka ya 1980 walipokuwa vijana. Kondo mwenyewe amewahi kukiri kuathiriwa na fyusheni ya Kijapani. Masahiro Andoh, mpiga gitaa wa T-Square, baadaye alitunga muziki wa gemu ya mbio za magari ya Gran Turismo. Hivyo mpwa wangu hakuupeleka wimbo wa majini ugenini, ameurudisha kwao. Ndiyo maana inaniuma kwamba ulipofika kwao haukupewa hata kiti.

Mteja mmoja, akisubiri redio yake, alinikuta na karatasi hizi akaniuliza kama nyimbo za gemu zinastahili jasho lote hili. Nilimjibu kwamba mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo mkuu wa gemu hii hii katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa vizazi, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu kupewa nafasi hiyo, na kwamba mwaka mmoja kabla yake mpangilio wa jazi wa wimbo wa gemu ya Kirby uliopigwa na The 8-Bit Big Band ulishinda tuzo ya Grammy ya mpangilio bora wa muziki wa vyombo au wa sauti tupu. Aliposikia hayo aliniomba nimpigie kidogo. Nilimpigia asilia, si rimiksi, na baada ya dakika moja alikuwa akitikisa kichwa kwa tatu tatu bila kuambiwa.

14 Juni

Leo nimegusa kodi, na hapa ndipo penye uhakiki wenyewe.

Melodi ya wimbo wa majini ina tabia moja inayoufanya uwe wa majini. Inashika nota ya E, inateleza nusu hatua chini, kisha inarudi palepale. Ni mwendo mdogo kuliko yote inayowezekana kwenye kinanda, na ndani ya ufunguo wa C ile nota ya chini ni mgeni, si mwenyeji wa skeli. Ugeni wake wa kitambo kifupi ndio unaokupa hisia ya kitu kinachoyumba majini bila kuzama. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngalawa iliyotia nanga pale bandarini kwetu, upepo ukiwa umelala, anaujua mwendo huo mwilini.

Mpwa wangu, kwa kupenda kodi nene za fyusheni, ameweka chini ya nota hizo kodi ya C yenye saba na tisa iliyopandishwa. Kodi hiyo ni tamu, na wapigaji wa fyusheni wameitumia mno. Lakini ndani yake mna E pamoja na ile nota ya nusu hatua chini, zote mbili zikilia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo melodi inapoteleza, haitelezi kwenda popote. Mgeni tuliyetakiwa kushtuka kumwona mlangoni ameshakaribishwa, ameketishwa na kunyweshwa kahawa kabla hajabisha hodi. Nimesikiliza sehemu hiyo, sekunde ya 48 hadi ya 55, pengine mara 30, na sasa nina hakika kwamba hii ndiyo sababu mluzi wangu ulikataa. Melodi imepigwa sawasawa, nota kwa nota, lakini kodi zimeizima.

Nimeandika katika rasimu pendekezo badala ya lawama tupu. Kodi nene zisiondolewe, zihamishwe. Melodi inaposhika nota ndefu au inapopumua, hapo kinanda kina uwanja wake na kinaweza kusema lolote kinachotaka. Melodi inapoteleza, kinanda kibaki na nota mbili tu, au kinyamaze kabisa na kuiachia besi. Mpiga ridhim yeyote wa dansi angemwambia hivyo hivyo: gitaa la solo likitamka neno, wewe si wa kulizungumzia juu yake.

17 Juni

Siku ya kujisahihisha.

Mpwa wangu alikuja baada ya alasiri nami nikampa aya za kwanza azisome. Alizisoma kwa makini akiwa amekaa kwenye kigoda, akakubali habari ya kodi baada ya kuijaribu kwenye kinanda kidogo nilicho nacho hapa, lakini alipofika kwenye aya niliyoandika kwamba rimiksi inakimbia mno kuliko asilia, aliinua kichwa.

"Samahani, Mjomba, hapa sikubaliani. Mwendo sikuugusa. Niliupima kwenye asilia kabla hatujaanza."

"Mwanangu, wimbo huu naujua kabla hujazaliwa," nilimjibu, na nasikitika kwamba nilimjibu hivyo.

Akatoa simu yake, akafungua programu inayoiga mashine ya Famicom, akaupiga wimbo. Mimi nikawasha mashine yangu. Zote mbili zikalia kwa pamoja, na kwa mshangao wetu sote simu ikaanza kuiacha mashine nyuma, kidogo kidogo, hadi zikawa zinapigana. Tulipopima mizunguko mitano ya kila upande, uwiano ulikuwa wa sita kwa tano.

Kwa fundi wa televisheni uwiano huo ni kama jina la mtu anayemfahamu. Mfumo wa televisheni wa Japani na Marekani ulichora picha 60 kwa sekunde, na mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia sisi ulichora 50. Programu ya muziki katika gemu hii husonga hatua moja kwa kila picha, kwa hiyo kaseti iliyoandikwa kwa ajili ya picha 60, ikichomekwa kwenye mashine ya nakala iliyotengenezwa kwa soko la PAL, hupungukiwa moja ya sita ya mwendo wake. Kimo cha nota hakishuki, kwa sababu watengenezaji wa nakala za aina hii walichagua mwendo wa chipu unaokaribiana sana na ule wa asili. Nilithibitisha kwa gitaa, na E ilikuwa E. Kilichopungua ni haraka tu.

Maana yake ni kwamba mimi, na kila mtoto aliyelipia zamu yake ya gemu kwenye vibanda vya Ngamiani miaka ile, tuliupokea wimbo huu polepole kuliko mtunzi alivyoukusudia, na tukaamini kwamba huo ndio wimbo. Nimekaa na jambo hili hadi usiku. Sioni kwamba kumbukumbu yangu ni ya uongo, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyolia hapa, lakini siwezi kuitumia kama rula ya kumchapia mtu mwingine.

18 Juni

Nimeifuta aya ya mwendo. Mahali pake nimeandika sentensi mbili zinazoeleza tofauti ya mifumo na kwamba mwendo wa rimiksi ni sahihi. Nimempigia simu mpwa wangu kumwomba radhi kwa jibu la jana. Alicheka akasema wenzake wanataka kusikia ule wa polepole.

22 Juni

Nimekwenda Chumbageni wanakofanyia mazoezi, kwa sababu sehemu iliyobaki ya uhakiki ni ya mapigo na sikutaka kuiandika bila kumsikia mpiga dramu ana kwa ana.

Kasoro niliyokuwa nimeiandika ni kwamba kuanzia dakika ya pili rimiksi inaiacha hesabu ya tatu na kuingia katika saba. Hesabu za namna hiyo ni urithi halali wa fyusheni. Mahavishnu Orchestra, bendi ya mpiga gitaa John McLaughlin, ilijenga jina lake juu yake tangu mwaka 1971. Lakini hesabu ya saba huhisiwa kama kujikwaa na kujiinua, na kujikwaa hakupo majini. Aliyetunga wimbo huu alichagua walzi kwa ajili ya ngazi ambayo mchezaji haruki wala hakimbii, bali anaelea na kupiga mbizi, na Kondo ameeleza zaidi ya mara moja kwamba muziki wa gemu sharti uendane na mwendo wa anayecheza. Pendekezo langu lilikuwa wairudishe tatu.

Mpiga dramu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, tatu ile tuliijaribu mwezi wa kwanza. Inatulaza." Nikamwomba aipige. Kweli ililala. Pum-cha-cha ya kitabuni, imenyooka kama mstari wa rula, na watu wazima watano wakionekana wamechoka.

Kilichofuata hakikutoka kwangu. Kijana huyu anatoka katika nyumba ya watu wanaopigiwa simu kukiwa na harusi, na mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga ukingo wa ngoma kwa mapigo ya chakacha huku mkono wa kulia ukiendelea na walzi. Nilisimama. Katika kila kipimo cha walzi mna vipigo vidogo sita. Ukivikusanya viwili viwili unapata tatu za walzi. Ukivikusanya vitatu vitatu unapata mbili za chakacha. Vipigo ni vile vile sita, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, lakini sasa sakafu ina miendo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kuelea na mmoja wa kiuno. Mpiga besi akadaka ile mbili, mpwa wangu akashika melodi kwa kidole kimoja juu ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe 4 nikausikia wimbo wa majini ukiwa mzima ndani ya bendi inayochemka.

Nilikuwa na hofu, naiandika kwa sababu ilikuwa hofu ya kweli, kwamba kuingiza chakacha kungekuwa pambo tu, kama kibao cha "karibu Tanga" kilichotundikwa mbele ya duka la bidhaa za nje. Hofu hiyo iliondoka kwa sababu moja: pigo hilo halikubandikwa, lilikuwamo. Walzi yoyote ina sita ndani yake. Kinachohitajika ni mkono uliokwisha kuzoea kuzisikia kwa namna ya pili.

Wakati wa kurudi nilipita kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kupiga gitaa la solo enzi za dansi. Nilipomtajia jazi-fyusheni aliuliza, "Jazi ipi? Ya Waamerika au ya kwetu?" Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoyaandika. Kwetu neno hilo lilikuwa jina la bendi ya dansi, na bendi zilizolibeba zilipiga zaidi rumba iliyoathiriwa na santuri za Kuba na Kongo kuliko jazi ya New Orleans. Nilimweleza kwamba vijana walianza na ile ya kwanza na leo wameanza kuisogelea ya pili.

27 Juni

Nimepokea toleo la pili. Urefu umeshuka hadi dakika 4 na sekunde 20. Melodi, au kitu kilichozaliwa nayo waziwazi, inasikika kwa sekunde 151 kati ya 260, yaani asilimia 58, ingawa kama nilivyosema sitaki namba hii ipewe kiti cha hakimu.

Lililonifurahisha zaidi ni saksafoni. Solo yake sasa inaanza na nota mbili tu, ile E na jirani yake wa nusu hatua, zikirudiwa kwa kusitasita, kisha umbali kati yake unapanuliwa kidogo kidogo hadi yanapatikana yale mbio ya skeli yaliyokuwa yakinichosha zamani. Safari hii hayachoshi, kwa sababu nimeona yalikotoka. Kinanda kimejifunza kunyamaza. Kati ya dakika 2 na sekunde 10 na dakika 2 na sekunde 50, gitaa na kinanda vinapokezana vipande vifupi juu ya besi, na hapo nasikia ile mraba ya kwanza na ya pili, na pia nasikia magitaa ya dansi yanavyofanya chemko, ile sehemu ya kuchangamka, linapokaribia.

Kasoro zilizobaki ni mbili, na zote ni za uchanganyaji wa sauti. Besi inapigwa kwa kuchapwa na kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, na mlio huo mkali unakaa katika masafa yale yale ya gonga za chakacha, hivyo ule ufundi wa mkono wa kushoto unafunikwa. Naona besi ichapwe katika chemko tu, na kwingineko ivutwe kwa vidole. Pili, kazi nzima imebanwa sauti kiasi kwamba pa taratibu na pa nguvu pana ukubwa mmoja. Njia za mraba za Famicom zilikuwa na ngazi 16 tu za ukubwa wa sauti na bado watunzi walizitumia kufanya nota ififie kwa upole. Faili la biti 16 lina ngazi 65,536, na toleo hili linaishi katika chache za juu. Wakiachia kidogo, wimbo utapata kina cha maji chini yake.

1 Julai

Nimekabidhi uhakiki, kurasa sita kwa mkono. Mpwa wangu ameusoma wote hapa karakanani. Amekubali habari ya besi na ya kubana sauti.

Tumebishana juu ya jambo moja. Mwanzoni mwa toleo la pili wameweka sekunde nane za sauti halisi ya chipu kabla bendi haijaingia. Niliandika kwamba ziondolewe, kwa sababu zinamwomba msikilizaji aupende wimbo kwa ajili ya utoto wake kabla bendi haijasema neno, na bendi hii haihitaji tena kuombewa. Yeye anasema wasikilizaji wengi wa rika lake hawakuwahi kuisikia sauti hiyo ikitoka kwenye televisheni, kwa hiyo kwao si kumbukumbu, ni chombo cha sita. Kisha akaniomba kitu ambacho sikukitegemea: kama zitabaki, wazirekodi kutoka kwenye mashine yangu, kwa mwendo wa picha 50, na bendi iingie kwa mwendo wa 60.

Aya yangu imebaki ilivyo katika uhakiki. Mashine nimeifunga ndani ya kitambaa pamoja na kaseti na waya wake. Kesho saa nne wanakuja kuichukua, na mpiga besi ameombwa aje na nyuzi mpya.